Mashina Matatu Nyuma ya Jiko

Kipimio cha virusi kiliwaka taa nyekundu kwenye mmea wa kumi na nne, mstari wa saba. Nyanjura akakipiga kofi kama mtu anayepiga redio yenye mikwaruzo, akafuta sindano yake kwa pamba yenye spiriti, akachoma jani jingine. Nyekundu. Akachuchumaa, akachoma jani la chini kabisa. Nyekundu.

"Mwongo mkubwa wewe," akakiambia.

Hakikujibu. Kwa miezi kumi na minne kisiwani Nyamisi hakuna kitu kilichowahi kumjibu, ukiacha redio ya mawasiliano, nayo ilijibu siku ambazo jua lilikuwa limejaza betri. Mwezi wa kwanza Nyanjura aliona aibu kuzungumza na ndoo. Mwezi wa tatu aliacha kuona aibu. Sasa alikuwa na ugomvi wa kudumu na bomba la maji, na ngazi alikuwa hajaisemesha tangu imwangushe mwezi wa nane.

Mmea wenyewe ulisimama pale, majani yamekunjuka, kijani kibichi, hauna hata doa. Huo ndio ubaya wa ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Jani linakuchekea huku mzizi chini unaoza na kukauka kama gome. Mkulima hajui mpaka siku ya kuchimba, na siku hiyo sufuria imeshabandikwa jikoni.

Alisimama, akatazama kitalu kizima. Mihogo mia mbili na kumi na miwili chini ya paa la neti, kila mmoja na namba yake kwenye kibati. Mashina mama. Baada ya siku sita boti ya Bwire ingekuja kuchukua pingili elfu nne za kukatwa humo, zipelekwe vijiji arobaini vya kando ya ziwa ambavyo kwa misimu miwili vilikuwa vikila unga wa msaada. Boti hiyo hiyo ingemchukua na Nyanjura. Zamu yake ilikuwa imekwisha. Begi lilikuwa limefungwa tangu Jumapili, na juu kabisa, ili zisikunjamane, kulikuwa na kofia mbili za sufi alizozifuma mwenyewe, kila moja ndogo kama chungwa. Binti yake wa pekee, Nyabuso, alikuwa Majita na mimba ya miezi tisa.

"Siku sita," Nyanjura akauambia mmea wa kumi na nne. "Umeshindwa kuvumilia siku sita?"

Akakata jani, akaliweka ndani ya kipimio, akabonyeza kitufe cha kusoma uzi wote wa chembe za urithi za virusi. Kazi hiyo ilichukua saa tano. Akaosha mikono mpaka kiwiko, akaenda kupika.

*

Mihogo ya siku hizi husomewa, kama mgonjwa anavyosomewa dua. Kila msimu Kituo Kikuu cha utafiti kule bara kilimtumia Nyanjura chupa za maji yasiyo na rangi wala harufu, na ndani ya maji hayo mlikuwa na vipande vya uzi wa virusi. Si virusi wazima, vipande tu, mfano wa picha za wezi zinazobandikwa ukutani polisi. Alivinyunyiza alfajiri, matundu ya majani yakiwa wazi.

Ndani ya kila seli ya muhogo mna protini inayofanya kazi ya mkasi. Mkasi huo huukata uzi vipande vidogo zaidi, na kila kipande hukabidhiwa mlinzi, protini nyingine, anayezunguka nacho seli nzima akilinganisha. Siku virusi wa kweli akiingia na kuufungua uzi wake ili ajizalishe, mlinzi anatazama picha, anatazama uzi, anaona ndiye huyu huyu, na habari yake inaishia hapo. Uzi unakatwa. Mmea hauugui, wala haujui kwamba ulikuwa karibu kuugua.

Hayo Nyanjura aliyafundishwa chuoni wakati wa stashahada yake, na aliyapenda kwa sababu yalikuwa kazi ya jikoni: kukata, kuchambua, kutupa. Alilichukia somo lililofuata. Kuna virusi wasioingia mikono mitupu. Wanakuja na protini yao wenyewe, kizibo, wanaubana nayo mkasi usifunguke. Hapo hata ukuta ukijaa picha, polisi mwenyewe kafungwa mikono.

Alikuwa katikati ya kusonga ugali kipimio kilipolia. Akasoma kioo akiwa bado ameshika mwiko.

Virusi wa mmea wa kumi na nne hakuwa na picha kwenye albamu. Alikuwa na kizibo ambacho hakuna muhogo wowote wa Kituo uliowahi kukiona. Na sampuli ya ndugu yake wa karibu kabisa ilichukuliwa miaka thelathini na moja iliyopita, kwenye shamba lililokwisha kuachwa, huko Majita.

Ugali ukaungua. Nyanjura hakuisikia harufu yake mpaka moshi ulipomfikia machoni.

*

Nyuma ya jiko, pale yalipomwagwa maji ya kuoshea vyombo, palikuwa na mashina matatu ya muhogo ambayo hayakuwa na vibati.

Katika ukoo wa kina Nyanjura, mwanamke haingii nyumba mpya bila mbegu ya mama yake. Haijalishi ni nyumba ya ndoa, ya kupanga, au ya serikali. Unakata pingili kwa mama, unazifunga kwenye kitenge, unakwenda kuzichomeka unapokwenda kuishi, na jirani akikuomba unampa, kwa sababu kumnyima mtu mbegu ni kumwambia afe. Mama yake, Nyafuru, alifanya hivyo. Nyanjura alifanya hivyo alipoolewa, na akamkatia Nyabuso zake siku alipoolewa yeye. Basi alipopewa fomu ya kuja kisiwani, iliyosema *sijabeba mmea, mbegu, udongo wala tunda lolote*, alitia sahihi kwa mwandiko mzuri kabisa, begi likiwa miguuni pake na pingili tatu zimeviringishwa kwenye kitenge chini ya nguo za ndani.

Alijiambia kwamba mihogo ya mama yake haijawahi kuugua. Ilikuwa kweli. Miaka yote michirizi ilipopita na kuangusha mashamba ya watu, ile iliyokuwa nyuma ya banda la mbuzi la Nyafuru ilizaa tu. Mtu mwenye stashahada alipaswa kujua kwamba mmea usiougua na mmea usio na ugonjwa ni vitu viwili tofauti. Alijua. Aliamua kutokujua, maana kule alikokuwa akienda hakukuwa na mtu, na alitaka kuwa na kitu cha nyumbani cha kumwagilia maji.

Lakini mashina hayana miguu, na neti ya kitalu haikuwa na tundu hata moja. Alisimama pale akijiuliza, na jibu likaja lenyewe, la aibu.

Kisu.

Wiki saba nyuma alikuwa hapa hapa akichuma kisamvu kwa kisu cha jikoni. Redio ikaita. Alikuwa Nyabuso, akisema kwamba mtoto amegeuka, kichwa kimekaa chini, daktari kafurahi. Nyanjura alicheza peke yake, uwanja mzima, kisu mkononi. Kisha akaenda kitaluni akiimba na kukata majani makavu ya mstari wa saba. Kila siku ya miezi kumi na minne alichovya kisu cha kitaluni kwenye dawa. Siku hiyo hakuchovya, kwa sababu hakikuwa kisu cha kitaluni.

Akaleta kipimio. Shina kuukuu la katikati: nyekundu. Jani la chini: nyekundu. Jani la katikati: ikasitasita, nyekundu hafifu. Ncha ya juu kabisa, ile laini ya kisamvu: kijani.

"Rudia," akasema.

Kijani. Akahamia shina la pili. Kijani nchani, nyekundu chini. La tatu vivyo hivyo. Alipima kila ncha mara tisa, kisha akachukua kioo cha kukuzia na kulielekeza jani la katikati kwenye jua. Kando ya mshipa aliona vitone vya kahawia, vidogo kama alama za sindano, vimejipanga duara. Katikati ya kila duara palikuwa na kijani kilichopauka.

Akakaa chini kwenye matope ya vyombo.

Mmea huu haukuhitaji kusomewa. Haukutunza picha ya mwizi yeyote. Ulikitambua kizibo chenyewe. Virusi alipoingia na kuubana mkasi, seli ilikigusa kile kizibo, ikajua imekwisha, ikajiua hapo hapo, na majirani zake wakajiua pembeni yake mpaka wakaufunga mlango. Virusi akabaki ndani ya duara, hai, hana pa kwenda. Shina kuukuu lilimfuga, ncha ikaendelea kukua bila yeye. Miaka thelathini.

"Mama," Nyanjura akasema. "Na ulikuwa ukiwakatia mbuzi."

*

"Mama! Shikamoo. Leo sauti yako iko mbali."

"Marahaba. Ni betri. Hali yako?"

"Hali yangu ni tumbo," akasema Nyabuso. "Nikipita mlangoni linatangulia, mimi nafuata kesho. Mume wangu anasema tukodi trekta."

"Mwambie akodi ubongo wa kumsaidia kufikiri. Unakula?"

"Nakula kila kisichokimbia. Mama, siku sita, eeh? Nimefagia chumba chako. Nimeweka na ile shuka ya bluu."

Nyanjura alikunja waya wa redio kidoleni mpaka ncha ikawa nyeupe. "Ile mihogo ya bibi yako imefikia wapi?"

"Imenipita kimo! Imenenepa, majirani wananionea wivu. Nimemkatia mke wa fundi baiskeli, na dada yake, na yule mama wa kanisani anayenuna. Amenuna hata akipokea."

Watu watatu. Na kila mmoja wao ana majirani.

"Mama? Upo?"

"Nipo."

"Siku sita?"

"Siku sita," akasema Nyanjura, akazima.

*

Alichukua jembe.

Hakuwa mtu wa kujizungusha, kwa hiyo aliisema hesabu yake wazi, akiliambia lile jembe. Ang'oe mashina matatu, ayachome. Aung'oe mmea wa kumi na nne, aandike umeliwa na mchwa. Hakuna atakayeuliza, mihogo mia mbili na kumi na mmoja ni mingi. Huenda kisu kiligusa mmoja tu. Huenda kiligusa mitano. Kipimio hakiwezi kumwona virusi mpaka awe amekaa wiki nyingi kwenye mmea, hata hiyo mitano ingewaka kijani leo na kupakiwa kwenye boti. Akisema ukweli, kanuni inajulikana: mmoja akiwaka, kitalu chote kinachomwa, kisiwa kinafungwa, na aliye ndani anabaki ndani mpaka mashina mapya yakue na kupimwa. Miezi kumi na minne mingine. Vijiji arobaini vikose msimu wa tatu kwa ajili ya "huenda". Na Nyabuso azae na nani?

Akapiga jembe chini ya shina la kwanza, akalivuta. Lilitoka kwa shida, kwa sababu lilikuwa limezaa. Mizizi minne, minene kama mkono wa mpagazi. Akaupasua mmoja kwa makali yale yale ya jembe.

Ndani ulikuwa mweupe kabisa. Hakuna mchirizi, hakuna doa, mweupe kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana.

Alisimama akiushika. Alikumbuka misiba miwili ya njaa aliyoiona akiwa msichana, na jinsi watu walivyopanga foleni nyuma ya banda la mbuzi, na mama yake akikata, akigawa, akikata, mpaka shamba likabaki visiki. Hakumwuliza mtu jina.

Nyanjura akalirudisha shina ardhini. Akalishindilia udongo kwa mguu, akalimwagia maji, akalitukana kidogo. Kisha akaenda redioni.

*

Dakta Kokusima wa Kituo Kikuu alikuwa mdogo wa Nyanjura kwa miaka kumi na mkubwa wake kwa vyeo vitatu, na kwa sababu hiyo walikuwa wakiheshimiana kwa tahadhari.

"Mama Nyabuso," akasema alipomaliza kusimuliwa, "unajua unachoniambia?"

"Najua. Ndiyo maana nakisema taratibu, uweze kuandika."

"Mmea mmoja."

"Mmoja ulioonekana."

"Sikiliza. Tukiung'oa mstari wa saba wote, na wa sita, na wa nane..." Dakta alishusha sauti. "Nina watu wananipigia simu kila asubuhi. Wenyeviti wa vijiji. Watu wazima wanalia, mama. Nikiwaambia hakuna mbegu, sijui nitaishi wapi."

"Ukiwapelekea huyu virusi, mwakani watakuwa hawana hata sauti ya kulia. Hana picha, Dakta. Mikasi yenu yote ataifunga."

Mikwaruzo redioni.

"Nani aliingiza hayo mashina?"

"Mimi."

"Ningeweza kuandika yalikutwa. Kisiwa cha zamani, wavuvi walipita..."

"Andika Nyanjura Masatu."

"Nikiandika hivyo hutabaki tu, utabaki na barua ya onyo. Na binti yako hapo alipo."

"Binti yangu naye anayo mashina hayo. Majirani zake watatu. Wapeleke watu wakayang'oe, wawe watu wenye adabu, asiwepo wa kupiga picha. Sasa andika na hili." Akamweleza zile ncha. Akamweleza vitone na maduara.

Upande wa pili kiti kilivutwa karibu na redio.

"Umepima mara ngapi?"

"Tisa kila ncha. Kijani zote."

"Unakitambua kizibo," Dakta akasema, kama anayeongea peke yake. "Haungoji mkasi... Mama Nyabuso, hayo mashina usiyaguse. Usiyasogelee na moto."

"Nimeng'oa moja."

"Mungu wangu!"

"Nimelirudisha."

"Umelirudisha?"

"Ni muhogo, Dakta, si jino."

Dakta Kokusima akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekuwa karibu kulia. Halafu akasema kilichobaki. Hakuna anayeweza kuja. Hakuna kinachoweza kutoka. Ncha zingekuzwa pale pale kisiwani, vizazi vitatu, kila kimoja kipimwe, ndipo moja ya hizo ivushwe maji. Na inaweza kushindikana.

"Unaweza kukataa," akasema. "Tutafunga kisiwa, nikuombee ruhusa ya kipekee utoke, ukae karantini hapa bara."

"Na mashina?"

"Yatachomwa. Bila mtu wa kuyaangalia siwezi kuyaacha."

Nyanjura alitazama begi lake pale mlangoni. Sufi ya kofia ilichungulia kwenye zipu.

"Nitahitaji makopo," akasema. "Na chumvi. Chumvi yenu ya mwezi uliopita ilikuwa na mchanga."

*

"Ulinipa kwa mkono wako," Nyabuso akasema.

"Ndiyo."

"Wamekuja watu na mavazi meupe kama mizimu ya sinema. Mama wa kanisani kaninunia mpaka kisogoni. Wamemng'olea, wamenichomea, wamepulizia hadi banda la kuku. Watu wanaangalia tumbo langu kama nimebeba huo ugonjwa humo."

"Kosa ni langu, si lako. Waambie mama yako ndiye mjinga. Watafurahi."

"Nimeshawaambia." Akavuta kamasi. "Na kuja?"

"Siji."

Nyanjura alingoja. Ziwa lilikuwa limetulia, na alisikia pumzi za mwanawe kana kwamba alikuwa chumba cha pili.

"Nitazaa na nani?"

"Na mkunga. Mimi nilikuzaa wewe na mkunga mlevi, mvua inanyesha, taa imezimika. Ukatoka mzima, ukamtapikia."

"Mama, usinichekeshe, nimekasirika."

"Kasirika. Hasira inasaidia kusukuma."

Nyabuso alicheka, kisha akalia, kisha redio ikakata kwa sababu jua lilikuwa limeingia mawinguni. Nyanjura alikaa nayo mapajani mpaka mawingu yalipoondoka. Ilipowaka tena hakuna aliyepiga.

Kesho yake akachoma kitalu. Mihogo mia mbili na kumi na miwili aliyoisomea tangu ikiwa vidole. Aling'oa kila kibati kwanza, akavipanga mfukoni. Majani mabichi yalipopasuka motoni yalitoa sauti kama ya watu wanaonong'ona, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu hakuwa na la kuyaambia.

*

Miezi miwili ilipita. Mtoto alikuwa amezaliwa siku ile ile ambayo Nyanjura angefika, saa nne asubuhi, wa kiume, akipiga kelele. Nyabuso alituma habari hizo kupitia Dakta na hakupiga mwenyewe. Nyuma ya jiko palikuwa na makopo kumi na moja ya ncha. Nne zilinyauka, moja ikawaka nyekundu ikachomwa, sita zilisimama.

Boti ya Bwire ilikuja saa sita mchana, ikazima injini kwenye boya, mita mia kutoka ufukweni, mwisho wa ruhusa. Kwa kawaida Bwire angefunga sanduku la vyakula kwenye kamba, Nyanjura akalivuta, wakatukanana kidogo kwa redio, akaondoka.

"Huko Majita wanakuita mchawi wa mihogo," sauti yake ikasema.

"Waambie natoza. Chumvi umeleta?"

"Chumvi ipo. Na nimeleta abiria ambaye hajalipa. Hana hata meno."

Nyanjura aliiacha kamba. Kwenye boti, pembeni ya jaketi la rangi ya chungwa la Bwire, mtu alikuwa amesimama, amepanua miguu dhidi ya mawimbi. Mita mia ni mbali kwa macho ya mtu wa miaka hamsini. Aliona kitenge cha njano. Aliona mikono ikiinua kitu juu, kitu kidogo, cheusi, kilichorusha miguu.

Alikijua kile kitenge.

Aliingia majini mpaka magotini kabla hajakumbuka kwamba kisiwa kimefungwa. Akasimama hapo. Maji yalikuwa ya baridi, na kati yake na lile boya hapakuwa na ukuta wala waya, ila maji tu, ambayo mtoto wa Majita yeyote angeyavuka kwa kuogelea huku anakula muwa. Alibonyeza kitufe cha redio aliyoishika.

"Nyabuso."

"Naam, mama." Sauti ilikuwa nyembamba. "Unamwona?"

"Namwona."

"Ana sikio la bibi."

"Mwinue tena."

Nyabuso akamwinua tena, juu zaidi. Nyanjura alitazama bila kupepesa mpaka macho yakamwuma.

Kisha akalivuta sanduku, akachukua kitu cha kurudisha: mfuko wa plastiki uliolowekwa dawa siku mbili, uliopimwa, uliopitishwa na Dakta kwa barua. Akaufunga kwenye kamba, Bwire akauvuta mpaka botini. Ndani mlikuwa na kofia mbili, ndogo kama machungwa.

"Zitakuwa zimeshambana," Nyabuso akasema alipoufungua.

"Basi mpasulie pembeni," akasema Nyanjura. "Lakini mvike. Mtu gani anamtembeza mtoto ziwani saa sita mchana kichwa wazi?"